Mizani ya Makalio

Kazi yangu ni kukagua mizani za sufu,
shamba hadi shamba, kusini mwa Patagonia,
ambako kati ya lango na lango
hupita saa tatu na guanako mmoja.
Pikipiki yangu haijawahi kunilaza njiani.
Adui ni kiti.

Nilikinunua Esquel, kwa macho.
Kinene, kimevimba kama mkate,
ukikibonyeza kidole kinazama kwa adabu.
Kizuri chajiuza, nikasema, nikalipa.
Kilometa themanini za kwanza nilikuwa sultani.
Kufika mia na hamsini nahamahama, upande huu, upande ule.
Kufika mia tatu sponji imekwisha kujisalimisha
nami nimekalia bati,
nahesabu changarawe za Barabara ya Arobaini
mojamoja, kwa mfupa.
Siku za mwizi ni arobaini, husemwa.
Zangu zilitimia Bajo Caracoles,
niliposhuka kunywa kahawa
nikainywa nimesimama.

Ofelia Nahuelquir haweki kiti dirishani.
Miaka ishirini alishona viti vya mabasi,
anajua mtu anavyochoka, na anachokea wapi.
"Laini ni ahadi tu," alisema,
hanitazami uso, anatazama suruali.
"Mimi nauza kigumu kinachotimiza."
Akaleta sinia la unga uliokandwa,
akalifunika kwa nailoni: "Kaa."
Na mimi, ninayewapimia watu mali yao hadi gramu,
nikaukalia unga
kama mtoto anayefundishwa choo.

Akainama juu ya mashimo mawili.
"Kulia umezama zaidi. Unaegemea nini?"
"Upepo. Nikienda kusini unanipiga kulia."
"Na ukirudi?"
"Narudi usiku, upepo ukilala."
Akaandika hilo pia.

Kisha chaki: nyuma pawe pana, mifupa ipate pa kulala;
mbele pembamba, miguu ifike chini;
pasiwe na mteremko wa kukusukumia kwenye tangi
kama mgeni asiyetakiwa.
Mshono usipite juu, maji yana subira kuliko uzi.
Ngozi ya ng'ombe? Isahau mafuta majira mawili,
itapasuka kama kisigino.
Basi turubai, uzi wa nailoni mara mbili,
na ngozi ya kondoo ya kufunga na kufungua,
maana baridi ya Julai haiulizi sponji ni ya nani.
Niligusa vipande kumi na moja vya sponji, nikarudia.
Mchagua nazi hupata koroma, ndiyo,
lakini aliyesema hivyo
hakuwa na kilometa mia sita mbele yake.

Halafu, chaki ikiwa hewani:
"Cha mmoja au cha wawili?"

Irma alipanda mara moja, miaka tisa iliyopita,
hadi Lago Posadas. Alishuka, akachukua mkoba wake,
akarudi kwa basi. Hakugomba.
Alisema tu, "Ukipata kiti cha binadamu, nijulishe."
Tangu hapo nyuma yangu
hukaa sanduku la mawe ya mizani,
kilo arobaini na nne, hayalalamiki,
wala hayanigusi bega kunionyesha ziwa.

Cha wawili ni turubai zaidi,
siku nne zaidi, na pesa ya matairi.
Nilisimama pale, mpimaji aliyekosa jiwe.
"Sina hakika kama atakuja," nikasema.
"Sikukuuliza hilo," akasema Ofelia.

Kiti kilifika Ijumaa.
Kabla ya kukifunga nilikiweka kwenye benchi la jikoni,
nikatoka nje kutafuta spana
ambayo nilikuwa nayo mfukoni.
Niliporudi, Irma alikuwa amekikalia,
sehemu ya nyuma, beseni mapajani,
anamenya viazi.
Alimenya vya chakula cha mchana.
Akamenya vya usiku.
Viazi viliisha.
Hakuinuka.